Kitenge Juu ya Jeneza

Louisville, 2015

Mjukuu wangu Neema,

Huku kwetu Shively, pembeni mwa Louisville, tuko wazima. Mjomba wako wa Columbus bado anakuita kwa jina lako la kiume. Nimemwambia hali bugali kwangu mpaka ajifunze.

Unauliza kama udarizi kwenye kitambaa chako cha maonyesho maneno yaliyo chini ya ile picha ya zamani unayoidarizi, ya hifadhi ya nyaraka ya mji wa Buffalo: “Mwanamume aliyevaa gauni.” Aliyeandika alimuuliza nani?

Nikiwa msichana kule Uvira, Kongo, jirani yetu Furaha alizaliwa mvulana, akaishi kama mwanamke na kuimba kwaya na akina mama. Alipofariki, kaka zake walimvika suti. Siku ya mazishi kwaya nzima ilivaa kitenge cha aina moja, na mama yangu akafunika jeneza kwa kitenge hicho hicho.

“Mama, huyu ni kaka yetu!” mmoja wa kaka hao alimfokea.

“Bon, haya, mzikeni kaka yenu,” mama yangu akajibu. “Sisi tunamzika Furaha.”

Hakuna aliyekiondoa.

Maneno hayo ya chini ya picha usiyadarizi. Jina la huyo wa pichani hatulijui, basi usimbunie. Nakutumia kipande cha kitenge changu cha kwaya. Mshonee gauni lake hapo kwenye kitambaa chako.

Bibi yako