Ngitili Yako Niliichoma Mimi

Baba,

Shikamoo. Sijui kama huko mnaitika.

Mwaka huu tena mvua imetupita. Wingu linatoka upande wa ziwa, jeusi kabisa, likifika juu ya kilima chetu linachanika kama shuka kuukuu. Umande hakuna. Vumbi linaingia mpaka kwenye ugali. Bwana misitu alikuja kutueleza kwamba miti inavuta maji ardhini na kuyarudisha hewani, na nchi ikibaki uchi joto linapanda, mvua inapungua. Nilisikia sauti yako. Ulikuwa ukinipitisha kwenye ngitili, lile eneo la nyasi na miti ulilolifunga ng'ombe wasiguse mpaka kiangazi, unanishikisha majani: "Yanatoa jasho haya, ng'wanone, mwanangu. Wingu linafuata jasho."

Baba, wachungaji wa Masanja hawakuchoma ngitili yako.

Ulipolazwa Ushirombo, miti mikubwa yote niliwauzia wachimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu. Wakaenda kuifanya matimba, ya kuzuia kuta za mashimo zisiwaangukie. Halafu nikaviona vile visiki. Nikaogopa macho yako. Nikawasha moto vipotee. Uliporudi ukauliza nani, nikawataja wachungaji wa Masanja, jirani uliyechunga naye tangu utoto.

Dagashida ikakaa, baraza la wanaume wote wa kijiji. Masanja alikana mpaka akalia. Wakamtoza dume, tukalichinja palepale. Ini ulinikatia wewe mwenyewe. "Kula, wewe ndiye uliyeona."

Nikala, Baba.

Ukafa hujamsalimia tena. Na wengine wakaanza kukata ngitili zao, wakisema heri kuuza kuliko kuchomewa. Sasa vilima vyote viko uchi.

Mchana jua likiwaka nasikia shoka kule kwenye ngitili yako. Naenda. Hakuna hata cha kukata. Masanja amezeeka, akinikuta njiani ananishika mkono, ananiambia tuzidi kuomba mvua. Mkono wake sijui niufanye nini.

Jumamosi dagashida inakaa. Nitasimama nimtazame Masanja, niseme ni mimi. Najua watanitenga. Nikifiwa, hakuna atakayekuja kunichimbia kaburi. Nitachimba mwenyewe. Ngitili nitaifunga upya, hata kama mimi sitaiona mvua yake.

Lala, Baba. Wakikuuliza huko habari zangu, usinitetee.

Mwanao