Chupa Isiyotakiwa Kupata Baridi

Hiroshima, 20 Desemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mimi mzima. Chuo kinazima umeme sikukuu yote, kwa hiyo chupa hii nakukabidhi wewe. Hivyo vijitu vyeupe vilivyong'ang'ania kioo ni yavuyavu wachanga, wale viumbe laini wa baharini. Wakikaa kwenye baridi, kemikali fulani hujikusanya miilini mwao. Ikifika kiasi, miili hiyo hukatika visahani, na kila kisahani huogelea kikawa yavuyavu. Hawa wasipate baridi kabisa, ili wasikatike. Tasnifu yangu yote imesimama hapo. Waweke karibu na meza ya joto, ile yenye hita chini yake. Tafadhali, Mama!

Mwanao, Mizuho

Hamada, 11 Januari

Mwanangu,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Goti ni lilelile, lakini nakula. Haya, nieleze: wageni wako wamekatika! Visahani vinarukaruka chupa nzima utadhani kuna harusi. Joto sijazima hata siku moja, haki ya marehemu babako. Sasa nifurahi au nilie?

Mama yako

Hiroshima, 14 Januari

Mama,

Shikamoo. Nikisema sijambo nitakuwa nakudanganya. Hukuwatoa nje wakati wa usafi wa mwisho wa mwaka? Hukufungua dirisha? Kama wamekatika bila baridi, hiyo kemikali imeamshwa na nini? Nimesoma kila kitu upya, sielewi, sielewi kabisa. Kesho nampelekea msimamizi wangu, Profesa Kuwabara, barua ya kujitoa. Siwezi kusimama mbele za watu nikatetea nisichokiamini.

Mizuho

Hamada, 17 Januari

Mwanangu,

Pole. Hata mimi usingizi sipati. Nje sikuwatoa, dirisha sikufungua. Nimewatunza kama wageni jamani! Hata mwaka mpya, nilipomwekea babako vikeki vya mchele vya mochi na mwani mkavu pale kwenye madhabahu yake ya nyumbani, na wao niliwatumbukizia kipande cha mwani. Mochi niliogopa wasije wakapaliwa. Usijitoe. Njoo kwanza ule.

Mama yako

Hiroshima, 20 Januari

Mama! Mama wewe!

Shikamoo. Mwani! Ule mwani umejaa iodini, na iodini huwaamsha wakakatika hata kwenye joto. Nimelia, nimecheka, nimekukasirikia mpaka nikachoka. Nilimkimbilia profesa na barua yako mkononi. Akaisoma mara mbili, akanirudishia yangu ya kujitoa, kisha akauliza kama mama huyo anaweza kurudia. Sijui alikuwa anatania. Natetea tarehe sita Februari. Njoo ukae mbele kabisa.

Mwani umwachie Baba.

Mwanao, Mizuho