Ukingo wa Kidonda

12 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, tanuri la mikate linawaka, na msaidizi wako Mzee Taratibu ameshajifunza kukanda unga kabla wateja hawajakata tamaa. Mimi sijambo, ila baridi ya huku ng'ambo haina adabu.

Umeniuliza kazi yangu ni ipi hasa, maana majirani wanasema nafuga wadudu. Sifugi wadudu. Naotesha seli za ngozi kwenye visahani vya plastiki. Zinashikana ubavu kwa ubavu mpaka zinafunika kisahani chote, kama vigae. Kisha nazikwaruza kwa ncha ya plastiki, nabakiza mstari mtupu katikati. Hicho ndicho kidonda changu. Halafu nakaa kwenye darubini nione zinavyokiziba.

Haziendi kila moja kivyake. Zilizo ukingoni zinanyoosha kitu kama unyayo na kuvuta, na zilizo nyuma zinausikia mvuto. Ndani ya seli kuna protini za kupeleka habari. Seli ikivutwa, protini hizo zinaamka, nayo inaivuta ya nyuma yake. Habari inarudi nyuma safu kwa safu, huku kundi zima likisonga mbele. Mimi nafuatilia protini moja tu. Seli zikitulia, inakaa pale zinapogusana. Zikivutwa inaondoka hapo, ndipo seli inajua upande wa kwenda. Wenzangu wanasema nimeolewa nayo.

Mwanao,
Kiherehere

4 Machi

Kiherehere wangu,

Marahaba. Sisi wazima, mikate inatoka, Mzee Taratibu bado anakanda kama mtu anayebembeleza mtoto. Hongera kwa ndoa yako. Mume asiyeonekana kwa macho angalau hachafui nguo.

Mimi ni mzima ila mkono wa kulia. Lile kovu la moto, ulilokuwa ukilipapasa utotoni ukisinzia, limechanika hapa karibu na kiwiko. Nadhani ni kwa kukanda, maana ngozi ya pale tangu mlango wa tanuri uniangukie haijawahi kuwa ngozi ya maana. Zahanati wamenipa dawa ya kupaka na bandeji. Ziambie hizo seli zako zije huku zifanye kazi, zisikae kwenye visahani zikiangaliwa.

Usinipigie simu kwa ajili hii. Simu inakata maneno, barua inakaa.

Shangazi yako

25 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na pole sana. Mkono unaendeleaje? Unalala vizuri?

Ngozi ya kovu ni dhaifu na inapona polepole, kwa hiyo usikate tamaa mapema. Lakini pumzisha mkono, Mzee Taratibu akande hata kama mji mzima utachelewa kula. Na uniandikie kidonda kinaonekanaje, hasa ukingo wake.

Huku nimeanza jaribio jipya. Nimeiondoa ile protini ndani ya seli ili nione zitafanya nini bila hiyo. Mpaka sasa kila moja inanyoosha unyayo upande inaoutaka. Ni kama watu wanaosukuma gari bovu, huyu kulia, huyu kushoto, na gari liko palepale.

Mwanao

17 Juni

Mwanangu,

Habari za siku nyingi. Mimi naendelea, na wewe uwe mzima hivyo hivyo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nikuandikie kwamba kimepona, na hakikuniruhusu.

Uliuliza ukingo. Umenyanyuka na kukunjika kwa nje, kama ukingo wa sahani, na ni mgumu. Nikikigusa kinatoa damu. Ajabu ni kwamba nyama ipo nyingi tu, inaongezeka, ila haizibi. Na kinanuka. Siku hizi nakifunga na mfuko wa plastiki juu ya bandeji, nasimama upande wa tanuri, mikate anauza Mzee Taratibu. Mteja mmoja aliuliza kama kuna panya amekufa stoo. Nikamwambia tunamtafuta.

Shangazi yako

29 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Leo sitakuuliza habari nyingi.

Dawa ya kupaka haitoshi. Nenda hospitali kubwa, siyo zahanati. Waambie ni kovu la zamani la moto lililofunguka, na uwaombe wakate kipande kidogo cha ukingo wakakipime. Sema hivyo hivyo, kipande cha ukingo. Wakikupa bandeji nyingine, kaa hapo hapo kwenye kiti usitoke.

Seli zenye afya zikikutana katikati ya mstari zinasimama, kwa sababu kuguswa ni ujumbe kwamba kazi imekwisha. Zile nilizoziondolea protini zinafika kwa kuchelewa, kisha hazisimami. Zinakutana, zinapandana, zinaendelea kurundikana. Sijui mkononi kwako kuna nini, na darubini yangu haifiki huko. Lakini nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, na sijaweza kukaa.

Mwanao

20 Julai

Mwanangu,

Natumaini umeshakaa.

Nilikwenda. Daktari ni msichana, bila shaka mdogo kuliko wewe. Kabla sijamaliza maneno yako alishafungua bandeji na kuacha kutabasamu. Kipande kimepimwa. Ni saratani ya ngozi, imeota kwenye kovu.

Nikamuuliza, "Ukitoa kidonda ukaniachia mkono?"

Akasema, "Mama, imeshaingia kwenye mfupa. Itabidi tukate juu ya kiwiko."

"Na nikisema nifikirie kwanza?"

"Fikiria. Tezi za kwapani leo ni safi. Siwezi kukuahidi zitakuwa safi ukirudi."

Nilirudi kazini nikatoa mikate ya jioni, kwa sababu ilikuwa tanurini na ingeungua.

Nataka uniambie kitu kimoja bila kunifariji. Hizo seli ni za nani? Ni zangu au zimetoka nje?

Shangazi yako

30 Julai

Shangazi,

Shikamoo.

Ni zako. Ni zile zile zilizokifunga kidonda cha moto ulipokuwa msichana, au watoto wa watoto wao. Zinajua kusonga, hata kwa pamoja, hicho hazijasahau. Zilichopoteza ni kusikia zinapoambiwa zisimame. Hazikuchukii na hazijui kama wewe upo. Na hazitachoka kabla yako.

Uliomba nisikufariji. Wakate.

Nimeomba ruhusa nije niwepo siku hiyo.

Mwanao

9 Agosti

Mwanangu,

Salamu nyingi. Usije. Utakaa kwenye benchi la korido pamoja na ndugu za wagonjwa wengine, mnasukumwa miguu na mtu wa kudeki. Kazi yako itasimama na mimi nitakuwa nimelala sikuoni.

Nimekubali. Wananiingiza hospitali kesho. Leo nimekanda mwenyewe, unga wote wa siku. Mzee Taratibu alitaka kunizuia, nikamwangalia tu, akaenda kuchochea moto. Mkono uliuma, lakini unga ulikuwa mzuri, laini, haushiki vidole. Baada ya hapo nilinawa mikono yote miwili kwa muda mrefu kidogo.

Shangazi yako

14 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata barua. Najua hupendi simu, lakini nilipiga kwenye duka la mikate. Mzee Taratibu akasema, "Yupo, anaendelea." Nikamwomba anipe niongee nawe. Akaenda, akarudi, akasema, "Amekataa. Anasema atakuandikia." Nikamuuliza kwa nini sasa huandiki. Akasema tanuri linamwita.

Juzi nilionyesha picha za seli zangu mbele ya watu wengi, zile zinazorundikana. Zimetiwa rangi ya kijani na nyekundu zionekane. Profesa mmoja akasema ni picha nzuri sana. Nilitakiwa kushukuru. Nikapitisha picha inayofuata.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao

22 Oktoba

Mwanangu

Hujambo. Mwandiko huu ni wa kushoto. Nilikataa kumpa mtu kalamu aniandikie, ndiyo maana umengoja. Karatasi nyingi zimeishia tanurini.

Kidonda cha kukatwa kimefunga. Nilikuwa nakiangalia kila wakibadilisha bandeji. Ngozi ilikuja kutoka pembeni, kidogo kidogo, ikakutana, ikasimama. Daktari anasema ni safi. Narudi kupimwa kila baada ya miezi kadhaa.

Mzee Taratibu anakanda. Nasimama nyuma yake nikimwambia bado, bado. Anasema nimezidi kelele. Mikate ina mabonge lakini inaisha.

Vidole ambavyo sina vinaniwasha. Hilo hukuniambia.

Nilikuzuia usije. Usije kuuona mkono, haupo. Njoo unione mimi.

Shangazi