Nilimfungia Binti Yangu Magongo Kabatini

Bi Casilda, nakuandikia kwenye safu yako ya gazeti kwa sababu dada zangu wote hapa Chincha washachagua upande, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi. Binti yangu Maricielo ana miaka kumi na mitatu, ni mshambuliaji wa timu ya voliboli ya shule, anaruka mpaka watu wanasimama, na tangu Machi analalamika goti la kushoto, sasa ajabu leo anachechemea kesho anakimbia, wiki hii limevimba wiki ijayo limenywea, na hakuanguka wala hakugongwa, nami nikaanza kumshuku.

"Sema tu umechoka na mpira," nikamwambia.

"Mama, kuna kitu kinakwama humo ndani."

"Kinakwama nini, mlango?" Dada zangu wakacheka, naye hakulitaja tena.

Kocha wao, mwalimu Nérida, alisema ni maumivu ya kukua. Lilipovimba tena nikampeleka hospitali, daktari akapiga picha, akasema kwenye kiungo kipande cha mfupa wa paja kimekosa damu na kinaanza kulegea pamoja na gegedu lake, ule utando mgumu unaokifunika, eti kwa kuwa bado anakua kinaweza kushika tena, ila miezi sita asiruke, akampa magongo. Kumbe mpwa wa daktari huyo anachezea timu ya Pisco, na Jumamosi tuna fainali nao! Ungekuwa wewe usingeshuku? Magongo nikayafungia kabatini.

Jumatatu nikamfuata kwa siri akitoka shule. Alitembea vizuri mpaka duka la mikate, nikasema moyoni leo nimekukamata, mara akakaa kwenye ngazi, mguu umekunjika haunyooki, anausukuma kwa mikono miwili huku analia. Rafiki yake Yadhira akamuuliza, "Nikamwite mama yako?"

"Usimwite. Atasema naigiza."

Nilikuwa nimejibanza nyuma ya gari, sikutoka. Nilirudi kwa njia nyingine nikampikia carapulcra, ule mchuzi wa viazi vikavu anaoupenda, na sijamwambia kuwa niliona. Mwalimu Nérida anataka afungwe bandeji acheze seti mbili tu. Nimwamini nani?

Zoraida

Zoraida, barua yako ilinifikia Alhamisi asubuhi. Gazeti hili hutoka Jumatano, na mtoto angekuwa ameshacheza, ndiyo maana nilikupigia simu. Nilikuambia utoe magongo nikiwa nasikia, nikasikia kufuli la kabati likifunguka. Halafu ukaniuliza, "Na huyo mpwa wa daktari?"

Mwanamke wewe! Mpwa hakuingia ndani ya goti la mwanao. Nilikuambia kama unamshuku daktari, chukua picha uende kwa mwingine kule Ica, ni haki yako, ila mtoto asiruke wakati unatafuta ukweli. Ukaenda Ijumaa, na wa pili akasema yale yale bila kujua ya wa kwanza, akaongeza kwamba kipande kile kikibanduka itabidi apasuliwe. Jumamosi Maricielo alikaa benchi, timu ikafungwa, na mwalimu Nérida akapita bila kukusalimu. Mwache anune. Mpelekee karatasi ya daktari mkononi, na akibisha nenda kwa mkuu wa shule.

Wewe nakuonea huruma, lakini nakulaumu pia. Kuuma leo na kutulia kesho ulikuita ujanja, kumbe ndiyo dalili yenyewe. Miezi hii ataichukia, atakuapia kwamba amepona. Usimkubalie mpaka picha mpya ipigwe na daktari aseme.

Jana umeniambia bado hujamweleza kwamba ulikuwa pale. Unadhani carapulcra inatosha? Haitoshi hata kidogo. Mwanao sasa anajua kwamba akiumia, mama atamcheka, na siku mtu akimuumiza vibaya zaidi atakaa kimya vilevile. Leo akirudi kutoka shule mkalishe, mwambie ulimwona, ulijificha, na ulikosea. Kisha funga mdomo, umwache aseme yeye.