Siku Ulipoacha Kuninusisha Mihogo

Kwako Mama, uliyelala kaburini Kabungu,

Nina swali ambalo ungelicheka kwanza kabla ya kulijibu. Masika yale uliyougua mafua, pua yako ilikufa?

Nakuuliza kwa sababu yangu imekufa. Mwezi uliopita mafua yalinilaza siku tano. Nilipopona nikachemsha chai ya tangawizi, nikajikuta nakunywa maji ya moto yenye sukari. Ulimi unajua tamu, unajua chumvi na ukali wa ndimu, basi. Nimenusa kitunguu, nimenusa mafuta ya taa, nimemsogelea hadi beberu wa jirani, ambaye kwa kawaida hujitangaza tangu barabarani. Hakuna kitu. Daktari hapa Mpanda anasema virusi vya mafua huweza kufanya hivyo, na wengi hurudiwa na harufu polepole, ila hawezi kuniahidi lini.

Nami siku hizi napikia watu sokoni. Wiki iliyopita niliunga maharage kwa mawese yaliyoharibika. Kijana wa bodaboda, mteja wangu wa kila siku, akaisukuma sahani taratibu, akaniuliza, "Mama Neema, haya mafuta hukuyanusa?" Nikamdanganya kwamba nilikuwa na haraka. Wakijua ukweli, nani atakula kwangu? Tangu hapo kila asubuhi namwita Neema, mjukuu wako ambaye hukumwona, aninusie mafuta na maziwa. Ana miaka minane, na anaifanya kazi hiyo kwa maringo yote ya dunia.

Nami nilikuwa na umri huohuo. Ulipopona mafua ulianza kunichukua mtoni, kule tulikoloweka mihogo hadi ivunde, ndipo tuianike na kuitwanga unga wa udaga. Ulikuwa unaopoa kipande, unakivunja, unaniwekea puani na kuniuliza kama kimeiva. Nikisema bado, unakirudisha majini bila kubisha, wewe uliyekuwa unabishana hata na kuku. Baba alilalamika kwamba mboga imezidi chumvi, ukamwambia ulimi wake umezeeka. Shangazi naye akataka kujua tangu lini udaga wa nyumba unaamuliwa na mtoto. Ulimjibu, "Huyu ndiye pua yangu." Nilitembea na maneno hayo kifua mbele hadi mahindi yakavunwa.

Halafu siku moja ukaenda mtoni peke yako. Nilikufuata, nikakukuta umepiga magoti, umekishika kipande cha muhogo puani kwa mikono miwili, unacheka huku machozi yanakutoka. Nikasogea ninuse. Ukasema, "Acha, mwanangu. Nimeshajua."

Hukuniita tena. Nililia, nikanuna wiki nzima. Niliamini kuna mihogo niliyoinusa vibaya, na hilo nimelibeba zaidi ya miaka thelathini, nakiri, kwa hasira kidogo. Hadi juzi, Neema akiwa ameinamia chupa ya mawese, ndipo nilipoelewa ulikuwa unalilia nini. Kati ya harufu zote, Mama, iliyokurudia kwanza ni ya muhogo uliovunda, ambao wapita njia huuzibia pua.

Sasa nataka kujua mengine. Pua yako ilirudi mara moja, au kidogo kidogo? Jana nilihisi kitu kama moshi, kabla sijageuka kikatoweka. Nawe ilikuanza hivyo? Na mbona ulituficha? Labda uliogopa wanawake wenzako wangekataa udaga wako. Sikulaumu, maana woga huo ninao, nimeurithi pamoja na mwiko wako wa ugali.

Ila kwa Neema sitafanya kama wewe. Siku nitakapoacha kumwita, nitamketisha kwanza nimweleze kwamba hakukosea chochote. Ile wiki ya kununa nimekusamehe. Siku kama ile uliyoniliza ndiyo ninayoisubiri sasa, kila asubuhi, chupa ya mawese mkononi.

Pumzika, Mama.

Mwanao, aliyekuwa pua yako