Kikombe cha Senetwet

Akinyi dadangu,

Eldoret baridi ni kali, lakini jikoni kwa mamake mchumba wangu Kiprop kuna moto. Uliapa nitatapika maziwa yao ya makaa. Basi sikia. Mamake Kiprop alikata senetwet, kichaka cha maua ya manjano yaliyosimama kama mishumaa, ambacho hata ng'ombe hawakigusi. Akachoma kijiti, nikasugua nacho kibuyu kipya ndani. Halafu akanimiminia mursik, yale maziwa yao ya makaa, yaliyoganda katika kibuyu cha wiki jana hadi yakawa rangi ya mawingu. Shangazi mmoja akacheka: "Watu wa ziwa kama wewe hawamalizi hii."

Nikamaliza. Nikanyoosha kikombe, nikaomba kingine.

Msalimie Mama sana. Baba naye, anayesema sitaweza kuishi na hawa watu, mwambie nampenda, na harusi iko palepale.

Achieng'