Kamba ya Jumapili

Baba,

Salamu kwanza. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba hata makaburini mtu hapiti kimya, anawasalimu waliolala. Basi assalamu alaykum. Nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza cha shule, maana Kiingereza changu ni kizuri mno kwa kujificha na leo sitaki kujificha. Nimechoka kujificha. Nimechoka tu, Baba, hata kalamu naiona nzito.

Mama bado yuko edani. Huu ni mwezi wa tatu, hatoki, hajipambi, anakaa chumbani na tasbihi, na wageni wakija anawaambia yuko sawa. Kwa hiyo kila kinachohitaji miguu ni changu. Sokoni ni mimi. Kumpeleka Twalib shule ni mimi, kisha nakimbilia yangu, na kidato cha tatu si mchezo. Cherehani yako tumeifunika na lile shuka la maua. Mapazia ya yule mwalimu, yale uliyoyaacha nusu, niliyamalizia mimi. Pindo moja limepinda. Alilitazama, akanitazama, akasema hamna neno. Nilitamani angelalamika.

Lakini siku iliyokuwa ngumu kuliko zote ni Jumapili.

Si unajua ile saa nane yako. Wewe ulikuwa ukisema ndiyo saa pekee ambayo Mungu ametuachia wapangaji wa ploti nzima: Jumamosi majirani zetu Wasabato, kina Kemunto, wako kanisani kutwa, Jumapili asubuhi watoto wa jirani yetu wa kutoka ziwani wako misa, na sisi tukishaswali adhuhuri, basi hakuna mwenye udhuru. Ulikuwa unatoka na ile kamba uliyoisuka kwa vipande vya mapazia, mafundo tisa, kila fundo na rangi yake, na kila mtoto na fundo lake. "Shika fundo lako! Asiye na fundo ni mzigo wa barabara!" Tunavuka barabara kuu kama siafu. Wiki hii mtoni kutazama pikipiki zikioshwa. Wiki ijayo kilimani Nyanchwa, tuhesabu mabati ya buluu, na anayekosea anaimba. Siku nyingine uwanjani, tuchungulie mpira kwenye tundu la ukuta. Hatukuwahi kwenda mbali, na tulikuwa tukirudi na vumbi kama tuliotoka Nairobi kwa miguu.

Mimi nilikuwa na fundo la mwisho, lile jekundu, la pazia la sebuleni kwetu. Hukuniambia kwa nini. Nilidhani ni kwa sababu ya haya zangu, kwamba umeniweka mkiani nisionekane na watu. Nilishukuru. Tena iliniuma kidogo.

Tangu uondoke, kila Jumapili Twalib alikuwa akikaa kizingitini na kamba shingoni, viatu amevaa cha kushoto mguu wa kulia. Haulizi kitu. Ana miaka sita lakini alivyokuwa akikaa ungesema ni mzee anayesubiri hukumu. Watoto wengine wanapita, wanamtazama, wanatazama mlango. Jumapili moja Kemunto, na ulimi wake ule, akaniambia, "Hidaya, kwani fundi alikufa na barabara?"

Mama alisikia kutoka chumbani. Hakusema nitoke wala nibaki. Alisema, "Mfunge mdogo wako viatu vizuri."

Basi juzi nikawatoa. Nilishika mbele, pale ulipokuwa ukishika wewe. Twalib akakataa fundo lake la kijani, akang'ang'ania jekundu, na mimi sina nguvu ya kubishana na mtu wa miaka sita, nikamwachia mkia. Nilitaka tu twende, tufike, turudi. Njia ya Kiogoro, kwa sababu ndiyo pekee niliyoikumbuka bila kufikiri.

Sasa sikiliza kosa langu. Pale kwenye kona yuko yule bibi wa miwa, ambaye ulitufundisha tumwite Magokoro kama Wakisii wanavyowaita bibi zao. Wewe hukuwahi kumpita. Unasimama, unamsalimu kwa Kikisii chako cha sokoni, anakucheka, unauliza habari za ng'ombe, za goti, za mvua, mpaka tunachuchumaa kwa kuchoka. Mimi nilimwona kutoka mbali. Nikawaza: akiniuliza uliko, nitasema nini? Kwa lugha gani? Nikatazama chini, nikaongeza mwendo, nikampita bibi wa watu kama jiwe.

Tulipofika penye miti ya parachichi niligeuka kuwahesabu. Fundo jekundu lilikuwa likiburuzika kwenye vumbi. Hakuna aliyelishika.

Baba, sijui nikueleze vipi. Wewe ukiwa mbele ulikuwa hugeuki sana, nikadhani mtu wa mbele hana haja ya kugeuka. Niliita mpaka sauti ikakatika, mimi ambaye darasani siwezi kuita "present" ikasikika. Kemunto akaanza kulia, wengine wakamfuata. Tukarudi nyuma, mimi nakimbia na kamba na watoto saba wakinivuta huku na huku.

Alikuwa kwa Magokoro. Amekaa juu ya gunia, miguu inaning'inia, ametulia. Aliponiona akanigombeza: "Mbona mmepita? Hapa tunasimamaga."

Na Magokoro, panga mkononi: "Huyu ananiambia baba yake anakuja. Mimi nangoja, nangoja. Fundi ako wapi? Miezi mingi. Ama siku hizi ananunua miwa kwa mwingine?" Akacheka, yale meno yake mawili.

Kumbe hakuwa amejua. Na Twalib, Baba. Tulimwambia umekwenda kwa Mungu, akaitikia kwa kichwa, tukadhani ameelewa. Kumbe alielewa kwamba umekwenda, hakuelewa kwamba hurudi. Siku zote zile kizingitini hakuwa akiomboleza. Alikuwa akikungoja.

Ikabidi niseme. Hakukuwa na mtu mwingine wa kusema. Nilipiga magoti kwenye maganda ya miwa nikamshika Twalib mikono, nikasema kwa wote wawili kwa pamoja, "Baba amekufa, Magokoro. Tulimzika. Haji tena." Ndiyo mara yangu ya kwanza kulitamka neno lenyewe. Msibani nilikuwa nikisema ametutoka, ametangulia.

Magokoro aliweka panga chini. Hakupiga yowe. Alifungua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya, polepole, kama mtu anayejiandaa kwenda mahali. Kisha akauliza, "Wewe ndiye yule wa nyuma?"

Hapa ndipo ninapotaka kuungama, kwa hiyo usinikatize. Jumapili ile ya mwisho sikuwa naumwa tumbo. Wiki moja kabla, wasichana wa darasani walituona penye kituo cha mafuta, mmoja akapiga kelele, "Hidaya, bado unafungwa kamba kama mbuzi?" Wakacheka wote. Sikukwambia. Jumapili iliyofuata nikajikunja kitandani, nikasema tumbo. Ukaweka kiganja kwenye paji la uso wangu, ukasema, "Pole, Mama, pumzika." Ukaniita Mama kama kila siku, kwa vile nina jina la mama yako. Jioni ukaniletea pingili ya muwa kwenye karatasi ya gazeti. Nikaila yote. Jumatano ukaanguka dukani, Ijumaa tukakuzika. Tangu hapo sijala muwa.

Magokoro aliikumbuka pingili ile. Alisema ulimwambia akate ya chini, ile tamu, kwa sababu ni ya macho yako. Akakuuliza macho gani. Ukamwambia, "Yule msichana wangu wa nyuma. Mimi huku mbele natembea tu, yeye ndiye anayewaona wote. Leo hayupo, nimegeukageuka njia nzima kama kuku." Akakuuliza kama ninaumwa. Ukacheka. Ukasema matumbo ya wasichana wakubwa huuma sana karibu na kituo cha mafuta.

Kwa hiyo ulijua. Ulijua ukaniletea muwa.

Sijui kama nimefurahi. Watu wangedhani nimefurahi. Kusamehewa kabla hujaomba msamaha kunachosha pia, Baba, unabaki na maneno mdomoni na huna pa kuyatua. Ndiyo maana nayatua hapa. Nilikudanganya. Nilikuonea haya. Nisamehe.

Twalib hakulia pale pale. Aliuliza swali moja tu: nani sasa atammenyea muwa kwa meno. Nikachukua kipande, nikamenya kwa meno, fizi zikaniuma, nikampa. Akatafuna. Machozi yakaanza kumtoka huku anatafuna, na hakuacha kutafuna, na mimi nikamenya kingine, nikakila.

Wakati wa kurudi nilimwomba fundo jekundu. Alifikiri kwanza, unamjua. Akanipa. Kemunto tulimweka mbele, na wallahi ana sauti kama yako: "Shika fundo lako! Asiye na fundo ni mzigo wa barabara!" Mimi nikaenda nyuma. Nikaona visigino vyao vyote. Nikaona soksi ya nani imeshuka, nani anachechemea, nani anajifanya ameshika fundo na hajashika. Kumbe siku zote zile nilikuwa nikiyaona haya, na sikujua kwamba ni kazi.

Nyumbani Mama alitazama vumbi lililotujaa, akaleta beseni la maji. Usiku ule Twalib hakulala na kamba kama alivyozoea tangu uondoke. Aliitundika msumarini, penye kofia yako.

Jumapili ijayo ni kilimani. Miguu inaniuma, nina mtihani wa hesabu, na sina hamu kabisa, nakwambia ukweli. Lakini saa nane nitakuwa mlangoni. Nitamsalimu Magokoro kila nikipita, hata kwa Kikisii kibovu, na kina dada wa kituo cha mafuta nitawasalimu kabla hawajaanza wao. Eda ikiisha nitamfungia Mama fundo la kumi.

Kwaheri, Baba. Wewe shika mbele huko uliko, tembea tu, usigeukegeuke. Nyuma nipo.

Mama yako,
Hidaya